Neno la Kwanza Si la Yaya

Kazi ya kulea mtoto wa mtu ina wivu ndani yake. Anayewaambia kwamba yeye hana wivu, huyo ama hajaanza kazi, ama anamshika mtoto kama anavyoshika ndoo. Magoti yangu yamekataa kupanda ngazi, nami nimeiacha kazi mwezi uliopita. Ninyi mnaokaa Mnazi Mmoja jioni hizi na watoto wa matajiri zenu, mliorithi hata ukuta wangu wa kuegemea, mmeniomba niandike ninayoyajua. Basi naandika. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo msihangaike kutafuta kila nukta mahali pake.

Jina langu Sefu. Wakubwa wenu walinijua kwa jina la Yaya Dume, jina ambalo halikutungwa kwa heshima. Baba alinipeleka shule ya Mdachi kwetu Kisarawe, nikakaa mpaka nikajua kusoma na kuandika. Halafu nikaona kwamba njia inayopita mbele ya shule ina mambo mengi kuliko ubao, nikaifuata njia. Nimekata mkonge, nimepasua mawe ya reli, nimetembeza kahawa, nimepika chokaa. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa jambo linavyofanywa, kisha nikachoka, nikaondoka. Vita vilipokuja nikabebeshwa mizigo ya askari kama wenzangu. Tuliorudi tulilazwa katika kambi ya wapagazi, pale ambapo sasa ni soko la Kariakoo. Mpaka leo nikienda kununua nyanya mle, hutazama kwanza pale nilipokuwa nikilala. Pana mama anauza bamia.

Waingereza walipokwisha kukaa vizuri mjini, mimi nilikuwa hamali. Siku moja nilikuwa nikiingiza majora ya nguo katika duka la Mhindi mmoja upande wa Uhindini, tajiri wa makamo aliyekuwa na mke kijana mzaliwa wa Unguja. Nyumba ilikuwa nyuma ya duka, na huko nyuma mtoto mchanga alikuwa analia kilio cha kukata pumzi. Mama yake alimtoa uani, akamzungusha, akambembeleza, wapi. Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua. Nikaweka jora chini, nikaenda kutazama analilia nini. Ukutani palikuwa na vifuu viwili vya nazi. Nikaviokota, nikavigonganisha polepole, ko, ko, ko. Mtoto akanyamaza, akageuza macho kutafuta sauti inatoka wapi. Nikavificha mgongoni, nikagonga tena. Akatafuta tena.

Tajiri akaja mbio. "Wewe hamali! Nani kakwambia weka jora chini?"

Mama akamwambia kitu kwa lugha yao. Tajiri akanitazama, akamtazama mtoto, akatazama jora.

"Jina lako nani?"

"Sefu, bwana."

"Haya, Sefu. Jora atabeba mwingine. Wewe shika huyu."

Mtoto huyo ndiye Lila. Nimelea wengi baada yake, Wahindi na Waarabu na hata mtoto wa karani mmoja wa Kiingereza, mtoto aliyekuwa akiniuma kwa meno, lakini nitawaandikia zaidi habari za Lila, maana niliyojifunza kwake ndiyo niliyotumia kwa wengine wote.

Mlango wa duka ulilindwa na Mzee Kombo, Mngazija mwenye jicho moja zuri, ambaye zamani za Wadachi alikuwa mlezi wa watoto katika nyumba kubwa za kule pwani ya Magogoni. Yeye ndiye aliyenifunza kazi. Alinionyesha kumfunga mtoto mbeleko kwa kanga mbili ili shingo isilegee, na kuchimba kishimo kifupi katika mchanga wa uani, ukamkalisha mtoto humo mpaka kiunoni, mchanga ukamshika mgongo, mikono ikawa huru kufanya kazi yake. Siku hizi mnawazungushia mito. Mto unamlaza mtoto. Mchanga unamkalisha. Akaniambia nisimpe mtoto vitu vingi kwa mara moja. Mpe kifuu. Akikijua, mpe kifuu kikubwa zaidi kinachokula kile kidogo. Akishajua kwamba kidogo kinaingia katika kikubwa na kikubwa hakiingii katika kidogo, huyo amekwisha kusoma kitu ambacho watu wazima wengine hawajakijua.

Lakini somo kubwa la Mzee Kombo lilikuwa jingine. Alinipa siku Lila alipoanza kujivuta kwa kushika ukuta.

"Sasa sikiliza, Sefu. Huyu atasimama, atakwenda. Atakwenda mbele yako, kwa kuwa wewe ndiye unayeshinda naye. Wewe hukuona."

"Nitakuwaje sikuona na hali nimeona?"

"Hukuona. Hatua ya kwanza ni ya mama. Neno la kwanza ni la mama. Yaya anayekimbia jikoni kutangaza, kesho yake hana kazi, na akiwa nayo, basi ana adui. Nyamaza, mtoto atarudia. Mama akikuita uje uone, wewe shangaa."

Nilikuja kujua kwamba mayaya wote wa Mnazi Mmoja waliishika sheria hiyo, wa kwa Wahindi na wa kwa Waarabu, na hata wale waliochukiana. Sisi tulikuwa tukiambiana hatua za watoto kwa kunong'ona, kama wezi.

Lila alikwenda mbele yangu. Fundi seremala alikuwa amemtengenezea kigari cha magurudumu matatu cha kusukuma, na mama yake alikuwa amemfunga njuga miguuni ili apende mlio wa miguu yake mwenyewe. Asubuhi moja aliachia kigari akaja kwangu, ching, ching, ching, akaanguka kifuani pangu akicheka. Moyo wangu ulikuwa kama umemwagiwa maji ya moto. Nikamrudisha kwenye kigari. Baada ya siku chache nikasikia kelele uani. "Sefu! Sefu! Njoo uone! Lila anakwenda!" Nikaja, nikashangaa mpaka nikapiga makofi. Wakagawa ladu, tamutamu zao za mviringo, kwa jirani wote, nami nikapewa moja. Nililila nimekaa barazani na Mzee Kombo. Lilikuwa tamu sana na sikulipenda.

"Linakukwama?" Mzee akauliza.

"Hapana."

"Linakukwama. Litateremka."

Basi wivu wa kwanza nilimwonea mama yake. Huo unavumilika, kwa kuwa mama ni mama. Wivu wa pili ndio ulionikondesha, na huo ulikuwa juu ya Bi Zena.

Zena alikuwa yaya wa Nasoro, mtoto wa Mwarabu mwenye duka la tende na buni Kariakoo. Mwanamke mrefu, mtulivu, asiyepoteza neno. Alikuwa akija Mnazi Mmoja baada ya alasiri, anatandika mkeka, anamweka Nasoro mbele yake, na watoto wote wa uwanja mzima wanamwendea kama kuku waliosikia mtama. Mimi nilikuwa na vifuu, njuga, kigari chenye magurudumu matatu. Yeye alikuwa na viganja viwili. Nasoro alikuwa mdogo kuliko Lila kwa miezi, na alikuwa anasema maji, anasema paka, anasema toka.

Lila hakusema kitu.

Alikuwa amefikisha miaka miwili na kupita. Alikuwa anasikia. Alikuwa anaelewa. Ukimwambia leta kile kifuu kikubwa, analeta kikubwa. Lakini mdomo ulikuwa kimya. Nami, kwa kutaka kumsaidia, nilimsemesha mchana kutwa. Nilimbeba mabegani nikamzungusha sokoni, na kila tulipopita nilimweleza: huyu anakuna nazi, huyu anasuka ukili, yule anauza dawa ya jino na yeye mwenyewe hana meno, hii ni mbaazi, hii ni kunde, tazama tofauti. Nilisimama kuwauliza wauzaji mambo ambayo hayakunihusu. Hii nini? Inatoka wapi? Kwa nini umeikausha kivulini na si juani? Wauzaji wengine walinipenda, wengine walinifukuza. Lila juu ya mabega yangu alisikiliza yote, kama hakimu.

Wenzangu uwanjani walipata mzaha wa bure.

"Yaya Dume, mtoto wako haongei kwa sababu hujampa nafasi!"

"Kinywa cha Sefu kimekula na kinywa cha mtoto!"

Zena hakucheka nao. Hilo lilinikera zaidi. Siku moja aliniita, "Kaka Sefu, mlete hapa kidogo."

"Wa nini?"

"Mlete tu. Simli."

Nikamleta, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama. Zena akamkalisha mkabala naye, akashika viganja vyake, akaanza kuimba polepole, anapiga kiganja kwa kila mstari:

"Kuku katoka. Kaenda wapi? Kaenda sokoni. Kaleta nini? Kaleta mchele. Atakula nani?"

Nasoro aliyekuwa pembeni akajibu kwa kelele, "Mimi!" Wote wakacheka, Lila akacheka. Zena akarudia, na safari hii akamziba Nasoro mdomo kwa kiganja kimoja. "Atakula nani?" Akanyamaza. Akamtazama Lila. Akaendelea kunyamaza. Mimi nilikuwa nimesimama juu yao, kimya kile kinanichoma, nikashindwa. "Mimi!" nikasema.

Zena akainua macho. "Umekula wewe, Kaka Sefu. Haya, shiba."

Uwanja mzima ulinicheka mpaka magharibi. Jioni ile nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba wimbo ule ni wa kijinga, kuku hawaendi sokoni ila kuuzwa. Kesho yake nilimpeleka Lila tena.

Sasa ndani ya nyumba kulikuwa kumeingia jambo. Mama mzazi wa tajiri, ambaye wao walimwita Ba, alikuwa amekuja kwa meli kutoka kwao Bara Hindi kumwona mjukuu. Bibi mdogo wa mwili, mkavu, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Alimtazama Lila siku ya kwanza akafurahi. Siku zilizofuata alimsemesha, akangoja, akamsemesha tena, na uso wake ukaanza kubadilika. Mama Lila alikuwa akinieleza mambo yao uani anapoanika nguo, kwa Kiswahili chake cha Unguja ambacho kilikuwa kizuri kuliko changu.

"Ba anasema mtoto amechanganyikiwa na lugha za watu wengi. Anataka kurudi naye."

"Kurudi naye wapi, mama?"

"Kwao. Amlee kijijini, kwa lugha moja. Anasema huko yuko mtu wa hekaluni anayewaombea watoto kama hawa. Meli yake ikija, anasema, atakwenda naye."

"Na tajiri?"

"Huyo ni mama yake, Sefu. Umewahi kumwona mwanamume wa kwetu akamwambia mama yake hapana?" Akabana shati kwenye kamba kwa nguvu. "Mimi nimesema basi tungoje. Ikiwa mpaka meli inakuja hajasema hata neno moja, sina la kusema tena."

Mimi ambaye sijawahi kukaa mahali mpaka nikazoea chumba, nilikuwa katika nyumba ile tangu mtoto hajui kugeuka. Nilikuwa naijua sauti ya njuga zake katika sauti zote za mtaa. Nilifikiria meli, nikafikiria bahari ile yote, na mtu wa hekaluni ambaye hajui kwamba Lila anapenda kulalia sikio la kushoto.

Nikawa nampeleka kwa Zena kila siku, na kila siku niliumia. Nilikaa mbali kidogo, nimeuma kona ya kanga ya mtoto ili nisijibu mimi. Nilimchunguza yule mwanamke kama nilivyokuwa nikichunguza mafundi. Hakuwa na dawa. Alichokuwa nacho ni kwamba alijua kunyamaza. Anaimba, anafika mahali pa neno, anaacha shimo, na anangoja. Hatazami pengine. Hasemi "haya, sema." Hakunji uso. Anangoja kama mtu aliyekaribisha mgeni mlangoni, mgeni anavua viatu. Mtoto asipojibu, anaanza tena bila kinyongo. Nilipokwisha kuelewa, nilidhani nitachoka naye, kama nilivyochoka na chokaa. Sikuchoka. Niliona wivu zaidi, maana kilikuwa kitu ambacho nimekielewa na siwezi kukifanya.

Halafu siku moja ya mawingu, Zena akaimba, akafika, "Atakula nani?" Akanyamaza. Lila akatazama viganja. Akatazama uso wa Zena. Akajipiga kifua.

"Mi!"

Nilitema kanga. Zena hakupiga kelele, akambusu kiganja tu. Kisha akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya sheria yetu:

"Hukusikia."

"Sikusikia," nikasema.

"Na mimi sikusikia. Kamwimbie nyumbani, mama yake asikie."

Nilimbeba Lila mabegani nikavuka uwanja na furaha yangu ilikuwa na mwiba. Neno lilikuwa limetoka, na lilikuwa limetoka kwa mwanamke mwingine. Lakini nikajipa moyo: nyumbani nitaimba mimi, mama atasikia kutoka kwangu, ladu la safari hii litateremka.

Niliimba jioni ile. Nikaimba asubuhi. Lila alinitazama kwa upendo mkubwa, akaniwekea mkono mdomoni. Nikanyamaza nilivyoweza, lakini kunyamaza kwangu hakukuwa kunyamaza, nilikuwa naweka macho mbele, nainua nyusi, namsukuma kwa kidevu. Nikaimba mbele ya mama yake. Nikaimba mbele ya Ba, kuku akatoka, kuku akaenda, akaleta mchele, na mchele ukabaki bila mlaji. Ba alisema neno moja kwa mkwewe.

"Anasemaje?" nikauliza.

Mama Lila alikuwa amechoka. "Anasema unamwimbia vizuri. Anasema inatia huruma."

Asubuhi ya pili yake meli ilikuwa imetia nanga. Nilijua kwa sababu makuli walipita mbio kwenda bandarini. Nilipoingia uani nikakuta sanduku la Ba limefungwa kamba, na juu yake kuna kifurushi kidogo cha nguo za Lila. Njuga zake zilikuwa zimefunguliwa miguuni, zimewekwa juu ya kifurushi.

Mzee Kombo alikuwa mlangoni. Nikamwambia kwa haraka, neno limekwisha kutoka, limetoka uwanjani, nyumbani halitoki. Je, niingie niseme?

"Ukisema nani atakuamini? Yaya anayetaka kazi yake? Na ukiaminiwa, umemwambia mama kwamba mtoto wake alisema kwa mtu wa njiani. Usiseme. Kamlete."

"Nani?"

Akanitazama kwa lile jicho zuri. "Wewe unajua nani."

Nilijua. Kutoka Uhindini mpaka Kariakoo si mbali, lakini nilitembea nikiona kila mtu ananijua ninakokwenda. Nilifika duka la tende, nikapiga hodi mlango wa nyuma. Zena akatoka na ufagio.

"Kaka Sefu. Kuna nini?"

"Wanamchukua Lila. Leo. Meli iko bandarini."

"Hukumwimbia?"

"Nimeimba."

"Umeimba, au umejibu?"

"Zena, usinicheke leo. Kesho utanicheka, nitakaa nikusikilize. Leo twende."

Nilitaraji neno la kunichoma, na ningelistahimili. Aliweka ufagio. "Ngoja nimpe bibi habari, nimchukue na Nasoro. Bila Nasoro atadhani nimekuja kumpa dawa."

Tuliingia uani kwa tajiri kwa mlango wa nyuma. Zena akavua makubadhi, akaamkia, "Shikamoo, mama," kwa Ba, kwa kuwa mtu mzima ni mtu mzima hata kama haelewi. Ba akaitikia kwa kichwa. Mama Lila akatutazama kwa macho mekundu. Nikamwambia, "Huyu ni Bi Zena, tunakaa naye uwanjani. Wamekuja kumuaga mtoto. Watoto hawa wamezoeana." Kila neno lilikuwa la kweli.

Zena akaketi chini, akamweka Nasoro pembeni, akafungua viganja. Lila akamjia mwenyewe. Mimi nikasimama nyuma ya nguzo, kwa kuwa niliujua uso wangu. Kuku akatoka. Kuku akaenda sokoni. Tajiri akatokeza kutoka dukani na saa mkononi, akataka kusema kitu, mkewe akamzuia kwa mkono.

"Kaleta mchele. Atakula nani?"

Kimya. Nilisikia cherehani ya jirani. Nasoro alikwisha kuzibwa mdomo. Ba alikuwa ameshika pembe ya sanduku. Kimya kikaenda, kikaenda, mimi nikaona kimeshinda, na Zena hakupepesa.

"Mi!" Lila akasema, akajipiga kifua. Kisha, kwa kuwa watu wote walikuwa wamenyamaza, akadhani hawakusikia. "Mimi! Mimi!"

Mama yake alikaa chini papo hapo, juu ya sakafu yenye maji, akalia akicheka. Tajiri akaweka saa mfukoni. Na Ba, ambaye hakujua Kiswahili, hakumwuliza mtu maana yake. Alimwona mtoto amejipiga kifua akasema, akajipiga kifua chake mwenyewe, akasema kitu kwa lugha yake, na Lila akamwiga. Ba akakishusha kile kifurushi kutoka juu ya sanduku kwa mikono yake, akamrudishia mama njuga.

Pwani hapa mwalimu hupewa kilemba mwanafunzi akihitimu. Mama Lila alikuwa mtu wa Unguja, alijua ada. Aliingia dukani akatoka na doti ya kanga mpya, akamfunika Zena mabegani kwa mikono yake miwili. Akasema, "Kilemba chako, mwalimu." Zena akapokea kwa aibu. Halafu mama akanigeukia, uso wote unang'aa. Nikajitengeneza.

"Sefu," akasema, "mletee mwalimu maji ya kunywa."

Nikaleta. Lazima niwaambie kwamba niliyaleta katika kikombe kizuri, na kwamba njia nzima ya kutoka mtungini nilitamani yamwagike.

Ba aliondoka na meli ileile, peke yake. Sote tulikwenda bandarini kumsindikiza, mimi nyuma na Lila mabegani. Watu walikuwa wanapunga mikono, mama analia kidogo, tajiri analia zaidi. Honi ya meli ililia mpaka vifua vikatetemeka. Na katika mlio ule, ambapo hapana mtu angesikia neno, Lila aliinama, akaweka mdomo kwenye sikio langu, akanyoosha kidole kuelekea mnyororo mkubwa unaopanda kutoka majini.

"Hii?"

Nilifungua mdomo kujibu. Nikaufunga. Nilijifunza kunyamaza siku hiyo, nimechelewa, lakini nilijifunza. Nikamgeuzia uso, nikangoja.

"Hii nini?"

Maneno mawili. Tena si ya Zena, si ya kuku, wala ya mchele. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe ya sokoni, ile iliyowachosha wauza mbaazi, imetoka juu ya mabega yangu kwa kinywa kidogo. "Hiyo ni nanga," nikamwambia. "Inashika meli isiende." Akaitazama mpaka ikaisha kupanda.

Mama akageuka. "Amesema kitu?"

"Sikusikia, mama," nikasema. "Honi."

Wiki ile ile nikaitwa uani mbio, nije nisikie Lila anauliza hii nini. Nilishangaa vizuri sana. Ladu lilishuka lenyewe.

Baada ya hapo hakunyamaza tena. Aliuliza kwa nini moshi unapanda, kwa nini mbaazi si kunde, punda analia nini, Mzee Kombo jicho lake jingine liko wapi. Uwanjani watoto walioimbiwa na Zena walisema mapema, wakaimba vizuri, wakajibu kila wimbo mahali pake. Lila aliwauliza kuku yule mchele alinunua au aliiba.

Ndipo jioni moja Zena, akiwa amejifunga ile kanga, kwa kuwa alijifunga ile kila jioni ambayo mimi nipo, alisogea karibu na ukuta wangu. Alikuwa anamtazama Nasoro aliyekaa ametulia akingoja wimbo.

"Kaka Sefu," akasema, "huyu wangu nikiimba anajibu. Nisipoimba, anangoja. Wako anauliza mpaka mimi nashindwa. Umempa nini?"

Mara ya kwanza katika maisha yangu niliona wivu katika uso wa mtu mwingine, nami ndiye chanzo. Sikujua kama ni kitu kizuri namna ile.

"Kesho nitakwambia," nikamjibu.

Kesho yake nilikuwa na shughuli. Baadaye Zena akaolewa Bagamoyo, na nasikia bado yuko, na nasikia bado anaulizia.

Ninyi nawaambia. Mwimbieni mtoto kama Zena, mwachieni shimo la neno, mngoje bila kukunja uso. Lakini mkipita naye njiani, simameni muwaulize watu mambo msiyoyajua, mtoto akiwa juu yenu anasikia. Asione mlezi anayejua kila kitu. Amwone anayeuliza, na anayefukuzwa, na anayeuliza tena duka la pili. Neno la kwanza mwachieni mama yake.

Na Zena akija Mnazi Mmoja siku moja akawauliza niliandika nini, mwambieni kesho.